Neno Hili ni Gumu: Jinsi ya Kukaa na Yesu Anaposema Tusilotaka Kusikia

Siku moja tu baada ya kuwalisha watu 5,000 kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, Yesu aliachwa na sehemu kubwa ya wanafunzi wake. Hawakumwacha kwa sababu ya njaa wala kwa hofu ya askari, bali kwa sababu ya mafundisho. Alikuwa katika sinagogi la Kapernaumu, akawaambia kwamba wasipoula mwili wake na kuinywa damu yake hawana uzima ndani yao, na watu ambao tangu utoto wao Torati iliwakataza kuonja damu ya mnyama yeyote wakanung'unika wakisema: "Neno hili ni gumu, ni nani awezaye kulisikia?" Yohana, katika sura ya 6, anaandika kwamba wengi walirejea nyuma, wasiandamane naye tena. Yesu hakuwafuata njiani ili awapunguzie uzito wa maneno. Aliwageukia wale Thenashara akawauliza kama na wao wanataka kuondoka, na Simoni Petro akajibu: "Bwana! Twende kwa nani? Wewe unayo maneno ya uzima wa milele."

Tazama kile ambacho Petro hakukisema. Hakusema kwamba ameelewa, wala hakusema kwamba neno lile limekuwa jepesi kwake kuliko kwa wale waliokuwa wakivuka kizingiti cha sinagogi. Alisema tu kwamba hana kwingine kwa kwenda. Nimeongoza kikundi cha kujifunza Biblia katika jumuiya ya mtaa wetu kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba Wakristo wengi hukua hadi wanapofika penye neno la namna hii, kisha husimama hapo, si kwa kuacha kanisa bali kwa kujifunza kulipita neno hilo kimya kimya kila wanapokutana nalo. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuacha kulipita.

Kabla ya kuanza

Utahitaji Biblia, na ikiwezekana tafsiri mbili, kwa mfano ile ya Union iliyotoka mwaka 1952 ambayo wengi wetu tumekaririshwa mistari yake, pamoja na Habari Njema, ambayo Kiswahili chake ni cha siku hizi. Utahitaji daftari ambalo halitasomwa na mtu mwingine, nusu saa ya utulivu kila siku, na mtu mmoja unayemwamini. Panga majuma manne kwa neno moja. Usijaribu kufanya maneno matatu kwa pamoja, kwa kuwa neno gumu halitafuniki kwa haraka, na anayelikimbiza hulimeza zima, likabaki tumboni bila kumjenga.

Hatua ya 1: Chagua neno moja, nalo liwe lile linalokuuma

Usichague neno ambalo ni gumu kwa watu wengine. Kama huna mali, neno la Yesu kwamba ni rahisi ngamia kupenya tundu la sindano kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu halitakugharimu sana, na utajikuta unalitumia kumpima jirani. Njia rahisi ya kulitambua neno lako ni kujiuliza ni mstari gani ambao, mchungaji anapousoma, moyo wako hukimbilia kutafuta sababu kwa nini haukuhusu. Kwa mmoja litakuwa "wapendeni adui zenu" katika Mathayo 5:44. Kwa mwingine litakuwa lile la Luka 14:26, kwamba mtu asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wa Yesu. Kwa mwingine ni Mathayo 18:35, kuhusu kusamehe kwa moyo, au "uza ulivyo navyo vyote" katika Marko 10:21, au neno alilomwambia yule aliyeomba ruhusa ya kwenda kumzika baba yake.

Liandike kwa mkono juu ya ukurasa mpya wa daftari, neno kwa neno, pamoja na tarehe. Chini yake andika kwa uaminifu sentensi moja inayoeleza kwa nini hulitaki. Sentensi hiyo utaihitaji baadaye.

Hatua ya 2: Lisome mahali liliposemwa

Juma la kwanza ni la kusoma tu. Soma sura nzima inayobeba neno hilo, kisha sura iliyotangulia na inayofuata, na urudie kila siku. Jiulize Yesu alikuwa wapi, alikuwa anazungumza na nani, na nini kilikuwa kimetokea muda mfupi kabla. Mambo haya si ya wasomi peke yao, kwa kuwa mengi yake yameandikwa waziwazi katika sura yenyewe.

Chukua mfano wa Luka 14:26. Mstari unaotangulia unasema kwamba makutano mengi walikuwa wakifuatana naye, naye akageuka na kusema nao. Kwa hiyo hakuwa anawafukuza watu waliokuwa wakisitasita. Alikuwa anawasimamisha watu waliokuwa wakimfuata kwa urahisi mno, na ndiyo maana mara moja anawaletea habari ya mtu anayetaka kujenga mnara bila kuhesabu gharama, na ya mfalme mwenye askari 10,000 anayetaka kupigana na mwenye 20,000. Ukiendelea, utakuta kwamba Mathayo 10:37 inalileta fundisho hilohilo kwa maneno "apendaye baba au mama kuliko mimi, hanistahili." Katika Mwanzo 29, Kiebrania cha asili kinamwita Lea "aliyechukiwa", ilhali mstari mmoja kabla kinaeleza kwamba Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea. Katika usemi wa watu wale, kumchukia mmoja kulikuwa pia namna ya kusema kwamba mwingine amewekwa mbele yake.

Kisha linganisha neno la Yesu na matendo yake. Katika Marko 7 aliwakemea watu waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Msalabani, akiwa katika maumivu ya mwisho, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda. Basi mtu anayeacha kumtumia mama yake fedha ya matumizi kwa sababu mama huyo hasali kanisa lake, kisha akanukuu Luka 14 kujitetea, hajalitii neno gumu la Yesu. Amefanya ile Korbani ambayo Yesu aliikemea.

Hatua ya 3: Pambanua ni ugumu wa namna gani

Kiswahili kimetupa zawadi katika lile swali la Kapernaumu: "ni nani awezaye kulisikia?" Mama anaposema kwamba mtoto huyu hasikii, hazungumzii masikio yake. Anasema kwamba mtoto ameelewa vizuri sana, ila hataki kutii. Msikivu ni yule anayetenda aliloambiwa. Hivyo wale wanafunzi hawakulalamika kwamba fundisho limewapita kimo tu. Walikuwa wanasema kwamba hawawezi kulipokea na kuliishi.

Kwa hiyo, mwishoni mwa juma la kwanza, andika katika daftari kama neno lako ni gumu kuelewa au ni gumu kukubali. Maneno magumu kuelewa yapo, na dawa yake ni kusoma zaidi na kumuuliza mchungaji, padre au katekista. Lakini nimekuwa nikiwaomba wanakikundi wapige alama, na karibu kila mara neno waliloanza kwa kulieleza kuwa halieleweki linageuka kuwa neno linaloeleweka kabisa. Hakuna fumbo katika "wapendeni adui zenu". Tunajua adui ni nani, na mara nyingi tunajua hata nyumba anayokaa.

Kuna ugumu wa tatu, na huu naomba uusome polepole. Ni ugumu uliotiwa katika neno na watu waliolifundisha vibaya. Mwanamke anayepigwa nyumbani akaambiwa na wazee ageuze shavu la pili hajapewa fundisho la Kristo. Mathayo 5:39 inataja shavu la kuume, na kwa mtu anayetumia mkono wa kuume, kumpiga mwenzake aliyemkabili katika shavu hilo ni kumpiga kwa mgongo wa kiganja, kofi la kudhalilisha. Yesu anazungumzia kutolipiza tusi. Yeye mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakunyamaza, bali aliuliza: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400, na manusura walieleza kwamba waumini walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwa miongoni mwao. Kabla hujaliinamia neno gumu, muulize anayelileta kwako kama na yeye anaubeba mzigo huo, maana Yesu alisema juu ya walimu wa aina hiyo kwamba hufunga mizigo mizito na kuwatwika watu mabegani, wasitake wenyewe kuigusa hata kwa kidole chao. Kama neno limetumiwa kukuumiza, kazi yako ya kwanza ni kupata usalama na msaada, si kufanya zoezi hili.

Hatua ya 4: Usililainishe

Ukishajua kwamba ugumu uko katika kukubali, utajaribiwa kutafuta maelezo yatakayoliondolea neno makali yake. Maelezo hayo yapo mengi na hupendwa sana. Bila shaka umewahi kusikia mahubiri kwamba "tundu la sindano" lilikuwa jina la mlango mdogo katika ukuta wa Yerusalemu, ambao ngamia aliweza kuupita akishushwa mizigo na kupiga magoti. Ni picha nzuri, na mimi mwenyewe niliwahi kuifundisha. Lakini hakuna maandishi ya zama za Yesu wala mabaki ya ukuta yanayothibitisha mlango wenye jina hilo; maelezo hayo yalijitokeza karne nyingi baadaye. Wengine husema kwamba neno la asili lilikuwa kamba, si ngamia, kana kwamba kamba ya jahazi ingepita katika sindano kwa urahisi zaidi.

Ushahidi ulio bora uko katika Marko 10 yenyewe. Wanafunzi waliposikia walishangaa mno, wakaulizana: "Ni nani, basi, awezaye kuokoka?" Kama Yesu angekuwa anazungumzia mlango wanaoufahamu, unaopitika kwa kushusha mizigo, wasingekuwa na sababu ya kushangaa. Naye hakuwaambia kwamba wamemwelewa vibaya. Aliwaambia: "Kwa wanadamu haiwezekani, bali kwa Mungu sivyo, maana yote yawezekana kwa Mungu." Ule mlango mdogo unatunyang'anya hilo. Unampa tajiri njia ya kupita kwa bidii ya magoti yake, na hivyo unamwondolea haja ya Mungu afanyaye lisilowezekana. Ndivyo inavyokuwa kila tunapolilainisha neno: tunapunguza uchungu wake, na pamoja na uchungu tunatupa ahadi iliyokuwa imefichwa ndani.

Katika Yohana 6 Yesu alifanya kinyume cha kulainisha. Watu walipoanza kubishana, Injili ya Kiyunani inaacha, kuanzia mstari wa 54, kitenzi cha kawaida cha kula na kuchukua kingine chenye maana ya kutafuna. Neno likazidi kuwa gumu mdomoni mwake mwenyewe.

Lakini kuna jambo jingine katika habari ya tajiri ambalo halipaswi kupita bila kutazamwa, na kwangu limekuwa ufunguo wa zoezi hili lote. Kabla ya kumwambia auze alivyo navyo, Marko anasema: "Yesu akamkazia macho, akampenda." Neno gumu lilitoka katika uso uliokuwa ukimtazama mtu kwa upendo. Yule kijana aliondoka akiwa na neno moyoni, akihuzunika, ila hakuendelea kuutazama uso ule. Sisi pia huondoka na neno, tukalibeba peke yetu kama hukumu ya mahakama, tukashangaa kwa nini linatuponda. Katika juma la pili, kila siku kabla ya kulisoma neno lako, soma kwanza mstari huo wa Marko 10:21 kwa sauti, na ukae kimya dakika mbili.

Hatua ya 5: Lirudishe kwa aliyelisema

Hapa ndipo uhusiano unapokua. Kusoma kunaweza kumfanya mtu kuwa mjuzi wa habari za Kristo bila kumkaribia, lakini kumwambia Kristo mwenyewe kwamba neno lake limekuumiza ni jambo ambalo mtu hulifanya tu kwa aliye wake.

Utaratibu tunaoutumia ni huu. Soma neno kwa sauti mara mbili. Nyamaza. Kisha ifungue ile sentensi uliyoiandika siku ya kwanza, uiseme kama sala, bila kuipamba. Kama uliandika "sitaki kumsamehe kwa sababu alinidhulumu na hajutii", basi sema: "Bwana, sitaki kumsamehe, kwa sababu alinidhulumu na hajutii." Sema kwa lugha ya nyumbani kwenu kama Kiswahili chako cha sala kimezoea maneno ya kanisani, kwa kuwa wengi wetu tuna msamiati wa kuombea ambao umekuwa kama nguo ya Jumapili, na hatuwezi kulia tukiwa tumeivaa. Baada ya hapo usiombe kitu kingine. Kaa, hata kama unaona hakuna kinachotokea.

Wako wanaoona kwamba kusema hivyo ni utovu wa adabu. Basi wasome Zaburi ya 13, inayoanza kwa kumuuliza Mungu hata lini atamsahau mtumishi wake, au Zaburi ya 88, ambayo inafika mwisho ikiwa bado gizani. Zaidi ya yote, wamsome yule mwanamke Mkananayo katika Mathayo 15. Alimwomba Yesu kwa ajili ya binti yake, na jibu la kwanza lilikuwa kimya. La pili lilikuwa kwamba hakutumwa kwake. La tatu lilikuwa gumu kiasi kwamba mpaka leo wahubiri hulipita haraka, yaani si vema kukitwaa chakula cha watoto na kuwatupia mbwa. Mwanamke yule hakuondoka, wala hakujifanya kwamba hakulisikia. Alilichukua neno lenyewe akamrudishia: "Ndiyo, Bwana, lakini hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani pa bwana zao." Yesu akaiita imani yake kubwa. Petro, katika sura iliyotangulia, alikuwa ameitwa mwenye imani haba, naye ndiye aliyekuwa akila mezani pake kila siku.

Kama baada ya siku kadhaa sala yako imekauka, usiongeze maneno. Punguza. Siku nyingine nusu saa nzima nimebaki na "Twende kwa nani?" tu.

Hatua ya 6: Tenda kipande ulichokwisha kukielewa

Katika Yohana 7:17 Yesu anasema kwamba mtu akipenda kuyatenda mapenzi ya Mungu, ndipo atakapojua habari ya yale mafunzo. Mpangilio huo unatupinga, kwa sababu sisi tungependa kujua kwanza. Juma la tatu ni la kutenda, na siri yake ni kuchagua kipande kidogo kinachowezekana leo.

Niseme la kwangu. Kwa muda mrefu mimi na ndugu wa ukoo wetu hatukusalimiana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Neno nililoliandika lilikuwa Mathayo 18, mfano wa mtumwa aliyesamehewa na mfalme deni la talanta 10,000, kisha akakataa kumsamehe mwenzake deni dogo. Nilipoketi na hesabu za mfano huo niliona aibu. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari zipatazo 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Deni la talanta 10,000 ni ujira wa siku 60,000,000; mtu anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka angelilipa kwa miaka 200,000. Deni alilomdai mwenzake lilikuwa dinari 100, yaani kama miezi minne ya kibarua. Miezi minne si kitu kidogo kwa maskini, na mpaka wangu haukuwa kitu kidogo. Yesu hakusema kwamba dhuluma niliyotendewa ni ya kubuni. Aliiweka tu karibu na ile niliyosamehewa.

Bado sikuweza kusamehe kwa moyo. Nikaandika kile nilichokiweza: juma hili sitaisimulia habari ya mpaka kwa mtu yeyote. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kuisimulia kwenye kahawa, na nikagundua kwamba ninaipenda. Juma lililofuata nilimtaja katika sala kwa jina lake, na kwa jina la kila mtoto wake. Baada ya hapo nikatoa salamu njiani. Aliitikia siku ya tatu. Mpaka wenyewe ulipimwa na wazee baadaye, mbele ya mashahidi, nami nilidai haki yangu bila kuona haya, kwa sababu kusamehe si kusema uongo juu ya jiwe la mpaka lilipokuwa. Kilichonishangaza ni kwamba sikuanza kumfahamu Kristo kwa namna mpya pale nilipomaliza, bali katika lile juma la kwanza la kufunga mdomo, nilipomhitaji kila saa.

Watu waliotendewa makubwa kuliko mpaka wamepita njia hii. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana nchini Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alilazimika kuikimbia nchi usiku, akivuka milima kwa miguu hadi Rwanda. Amesimulia mwenyewe kwamba moyo wake ulijaa uchungu dhidi ya Amin, hadi Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa ibadani London, ambapo maneno "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo" yalimshika. Hakuacha kuyataja maovu ya utawala ule. Aliacha kumchukia mtu.

Hatua ya 7: Lipeleke mbele ya wenzako

Juma la nne, keti na yule mtu mmoja uliyemchagua, au na kikundi kidogo. Waamini wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, waliita jambo hili kutembea nuruni, kufuatana na 1 Yohana 1:7. Hawakukutana ili kuelezana walivyoelewa maandiko, bali ili kuambiana mahali walipolikataa neno na mahali lilipowashinda. Matunda yake yalionekana saa ya majaribu. Katika miaka ya 1950, katika nchi ya Wagikuyu, wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau wakieleza kwamba wamekwisha kuinywa damu ya Kristo, na wengi walikataa pia silaha za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa. Lile neno gumu la Kapernaumu walikuwa wamelitafuna kwa miaka, mezani pa Bwana na katika vikundi vyao vidogo, na lilikuwa limekwisha kuwa mwili wao kabla kiapo hakijawafikia.

Kanuni za kukutana ni chache. Kila mmoja asome neno lake na aseme lilimfanyia nini. Katika mzunguko wa kwanza asiwepo anayetoa ushauri. Yaliyosemwa yasitoke nje ya chumba. Mwombeane kwa majina. Kama mmoja wenu anasimulia jambo la ukatili au la hatari kwa mtoto, hapo hakuna siri ya kikundi, na anayehusika asaidiwe kufika kwa wanaoweza kumlinda.

Baada ya majuma manne

Fungua ukurasa ulioanza nao, usome ile sentensi ya siku ya kwanza, uandike chini yake ilivyo sasa. Mara nyingine neno litakuwa limefunguka. Mara nyingine utakuwa umetii kipande kimoja tu, na kingine kimesimama palepale. Weka tarehe ya kulirudia baada ya mwaka, kisha uende kwenye neno jingine.

Ukurasa wangu mrefu kuliko yote ni wa Mathayo 8:22, "Nifuate, waache wafu wazike wafu wao." Niliufungua mwaka tulipomzika baba, katika matanga, nikiwa nimezungukwa na watu waliosafiri usiku kucha ili wasikose kutia udongo kaburini. Nimesoma maelezo yake. Wako wanaosema kwamba baba wa mtu yule hakuwa amekufa bado, kwa sababu Wayahudi walizika siku ileile. Wako wanaosema kwamba alikuwa anangoja desturi ya kuikusanya mifupa baada ya mwaka mmoja. Huenda mojawapo ni kweli, lakini hakuna linaloniondolea lile neno "nifuate". Kila mwaka siku ya kumkumbuka baba ninaurudia ukurasa huo, na sasa una tarehe sita. Chini ya ile ya mwisho nimeandika: Bwana, bado sijui ulimaanisha nini kwa mtu yule, lakini sijaondoka.